Kapteni Omolo Agoma Mlangoni

Juma lililopita watu walipigana katika soko la Jericho wakigombea gazeti hili, na sababu ni hadithi hii. Sidanganyi, walishikana mashati. Walikuwa wawili, na mmoja wao alilitaka la kufungia dagaa wa omena.

Haya. Tulimwacha Truphena Anyango jikoni, mwiko mkononi, kamati ya harusi imejaa sebuleni, na huko nje sauti ya mwanamume inaita jina ambalo masikio yake hayajalisikia kwa miaka kumi na saba.

"Nyar Seme!"

Binti wa Seme, kule kwao ziwani. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akimwita Truphena hivyo, na mtu huyo hakuwa duniani.

Wewe uliyeanza kusoma leo, sogea nikuambie upesi, wenzako wasije wakanuna. Kapteni Omolo ni yule fundi wa reli aliyeunda chombo chake, Ngege, kwa mabati ya behewa bovu, akaruka nacho kutoka mbuga za Embakasi mwaka wa Uhuru. Alifika hadi Zohali, ile sayari yenye pete, akamtandika mfalme wa huko kwa spana. Watoto wote wa Eastlands walikuwa wakijirusha kutoka juu ya mapipa na kujiita Omolo, na kliniki ikajaa mikono iliyovunjika. Kisha siku moja redio ya chombo ikakoroma: "Mafuta yanaisha, msalimieni mke wangu." Ikanyamaza, na haikusema tena.

Ukoo ulingoja. Mwaka wa sabini wazee wakachoka. Walichuma tunda la yago, lile linaloning'inia mtini refu kama mkono wa mtu mnene, wakalivika kofia ya Omolo, wakalilaza ndani ya sanduku na kulizika badala ya mwili usioonekana. Ndivyo wafanyavyo kwao mtu akipotea. Hakuitwa mtu wa gazeti wala wa redio. Walikuwepo watu wa ukoo tu, na mgeni mmoja aliyevaa koti kubwa la mvua huku jua linawaka, amesimama kule kwenye mikonge, akilia kuliko wenye msiba. Walidhani ni mtu wa reli. Walimpa chakula, akala, akaenda zake.

Tangu siku ile Truphena ni mjane. Alikataa kurithiwa na shemeji, akarudi Nairobi kupiga deki sakafu za watu na kumsomesha Adhiambo, binti yake wa pekee, mpaka akawa karani wa kupiga taipu. Na sasa, nywele zimeanza mvi, amempata Kilonzo. Kilonzo ni Mkamba, mchongaji wa vinyago kule Kariobangi, mwanamume mpole mwenye vumbi la mbao masikioni. Tangazo la ndoa yao limekwisha kusomwa kanisani mara mbili. Kesho Jumapili ndiyo mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye kizuizi aseme, au anyamaze milele.

Sasa kizuizi kiko uani, na kinaita.

Truphena alifungua mlango.

Alikuwa amesimama nyuma ya kamba ya nguo, kati ya shuka mbili. Amekonda. Kichwa cheupe kama pamba. Suti yake ya angani iling'aa kama sufuria mpya, na kofia yake ya kioo ameibana kwapani kama mtu aliyebeba kuku wa kwenda kuuza. Kovu la kidevuni lilikuwa palepale, lile aliloachiwa na boila ya reli kabla hata hawajaoana.

Hapakuwa na shaka. Ni yeye.

"Nyar Seme," alisema, "umenenepa."

"Na wewe umezeeka," Truphena akajibu, kabla moyo wake haujampa ruhusa.

Nyuma yake kulitokea Nerima, jirani wa mlango wa pili na mwenyekiti wa kamati ya harusi, mwanamke ambaye akikohoa Jericho, Makadara wanasema pole.

"Yesu wa Nazareti! Kwani si huyu ndiye mlimzi..."

Truphena alimkanyaga kidole cha mguu, na si kwa bahati mbaya.

"Funga mdomo," alimnong'oneza. "Mtu asimtajie habari ya kaburi. Utamwambia mtu aliye hai kwamba ulimzika, hata maji hajanywa? Nitamwambia mimi mwenyewe, kwa wakati wangu. Waambie na hao wengine."

Nerima akarudi ndani, akawaambia wengine. Ajabu ya mwaka, wote wakanyamaza.

Lakini habari ya kurudi kwake nani angeizuia? Wacheza drafti waliacha vizibo vyao juu ya ubao. Kinyozi alimwacha mteja nusu kichwa. Uwanja ukajaa.

"Kapteni! Kapteni amerudi!"

"Buda, niaje!" kijana mmoja mwenye suruali pana chini alimsalimia kwa sauti. "Kule juu kuna wasichana?"

"Wapo," alisema Kapteni. "Wana macho matatu. Moja la kukutazama wewe, moja la kumchunga baba yao, na la tatu halilali."

Uwanja mzima ulicheka. Truphena aliujua mzaha ule. Ulikuwa mzaha wa Omolo, hakuna mwingine angeutunga.

"Umetua lini?" akauliza.

"Jana. Nimemwacha Ngege Embakasi, nyasini. Sijaongea na mtu, sijaonana na mtu, sijui lolote la nchi hii. Nimesema, kwanza nikamwone mke wangu." Akainua uso. "Nilijua utanisubiri."

Kamati ya harusi yote ilitazama chini. Mmoja wao alikuwa bado ameshika pambo la keki.

"Baba?"

Adhiambo alitoka mbio ndani. Alikuwa na miaka mitatu baba yake aliporuka. Alilelewa kwa hadithi zake kama wengine walivyolelewa kwa uji, na siku ile ya yago yeye alikuwa shuleni Nairobi.

"Adhiambo? Nilikuacha unakojoa kitandani!"

Msichana alicheka, akalia, akamshika mkono kwa nguvu. Alipouachia, kiganja chake kilikuwa na rangi ya fedha.

"Vumbi la Zohali hilo," Kapteni alisema haraka. "Halidhuru."

Nerima alikivuta kile kiganja puani. "Mh. Basi huko Zohali juzi wamepaka mabati rangi."

Watu walicheka tena, na jambo lile likapita. Lilipita kwa wengine. Kwa Truphena lilikaa.

Hapo ndipo sauti ya upole iliposikika nyuma ya umati.

"Hodi jamani. Nipisheni, nina mzigo."

Umati uligawanyika. Kilonzo alikuwa anasukuma mkokoteni, na juu yake kitu kipana kilichofunikwa gunia.

"Karibu, ndugu," alisema Kapteni. "Umeleta nini?"

"Ubao wa kichwani. Wa kitanda."

"Kitanda cha nani?"

Kilonzo alimtazama Truphena. Truphena alitazama kuku wa jirani.

"Cha mama huyu," Kilonzo akasema polepole. "Na mimi."

"Jumamosi ijayo!" Nerima alishindwa kujizuia. "Saa nne, na mchele umeshaoshwa!"

Sasa msomaji, ungekuwa wewe ndiye umetoka Zohali jana, ukaambiwa mkeo anaolewa Jumamosi, ungefanyaje? Ungepiga kelele. Ungeanguka. Ungetafuta ile spana.

Kapteni Omolo alitikisa kichwa tu, taratibu, kama mtu anayeonyeshwa mgonjwa ambaye habari zake ameshaambiwa mlangoni. Kisha ndipo akakumbuka kushtuka. Alishika kifua.

"Harusi? Harusi gani!"

Alichelewa. Kidogo tu, lakini Truphena alikuwa ameishi na mwanamume huyu. Alijua anavyoshtuka.

Kilonzo alivua kofia. "Kapteni, usinielewe vibaya. Mimi nimekupenda tangu zamani. Nimekuchonga wewe hata sijui mara ngapi, umekanyaga mfalme, spana juu. Watalii wanakununua sana. Pua tu ndiyo nilikosea."

"Ulikosea vipi?"

"Niliifanya ndogo."

Kapteni alicheka, akamshika bega. Wanaume wale wawili walitazamana, na cha kusikitisha ni kwamba walipendana. Truphena aliona, akazidi kuumia. Angalau wangetukanana, yeye angejua asimame upande gani.

"Basi," Kilonzo alisema, akaanza kuugeuza mkokoteni. "Mama Adhiambo, mimi napitia kwa kasisi sasa hivi. Nimwambie kesho asisome."

"Nani kakutuma?"

"Mtu akiwa hai, mke wake ni wake. Mimi sitaki kuoa mke wa mtu, hata kama ni wa mtu niliyemchonga."

"Kilonzo, nimekuuliza, nani kakutuma?"

Kilonzo alikuwa anavuta mkokoteni na uso ameufunga, na Truphena aliliona gunia likifunuka kidogo. Chini yake kulikuwa na samaki wawili waliochongwa, mmoja nyuma ya mwingine, mapezi yakigusana. Mkamba wa nchi kavu, hajui hata kula samaki bila kukwamwa na mwiba, amechonga samaki kwa sababu ya mwanamke wa Seme.

Miaka mingapi Truphena alilala kwenye kitanda kisicho na ubao, akimlilia mtu? Na ni mwaka mmoja tu amecheka. Kasisi akiambiwa leo, mwaka ule umekwisha.

Halafu mvua ikaanguka.

Haikupiga hodi. Ilikuja kwa ndoo, kama zinavyokuja za Aprili, na umati ukatawanyika kwa mayowe. Wengine walijibanza barazani, wengine wakajisukuma ndani kwa Truphena bila kualikwa. Kilonzo aliukokota mkokoteni chini ya ukingo wa paa, akasimama akiukinga ubao kwa mgongo wake.

Kapteni Omolo peke yake alibaki kwenye kamba ya nguo.

"Baba, ingia!"

"Acha kwanza, mama. Nimefungiwa chomboni miaka. Nataka mvua."

"Utapata nimonia!"

"Suti hii haiingii maji."

Maji yalikuwa yanamtoka kwenye viatu.

"Nimepika," Truphena alisema toka mlangoni. "Kuna samaki wa nazi, na ugali wa mtama. Unaupenda."

Macho ya mzee yalimeta. Alimeza mate. Alisogea hatua, akaangalia kizingiti, akasimama.

"Nipatie hapa hapa nje," alisema. "Kwenye sahani."

"Ule kwenye mvua kama bata?"

"Goti langu, Nyar Seme. Halipendi ngazi."

"Ngazi gani? Hapa kuna kizingiti cha urefu wa kidole."

Adhiambo alichoka na maneno. Alikimbia mvuani, akamshika baba yake mikono miwili, akamvuta. Walifika mlangoni. Na hapo yule mwanamume aliyemtandika Mfalme wa Zohali alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, akajikaza kama mbuzi aliyenusa machinjio.

"Niache! Niache, mtoto, utakufa!"

Aliruka nyuma, akarudi kwenye mvua, akihema.

"Huko angani wamemharibu," mtu mmoja alisema kwa huruma. "Ameogopa nyumba." Wengine wakaitikia. Maskini Kapteni.

Lakini Truphena hakuwa anamhurumia tena. Alikuwa amerudi Seme, mwaka wa sabini, kando ya shimo, na mzee mwenye sauti ya kukwaruza alikuwa anasema maneno ya mwisho juu ya sanduku lenye yago. Truphena ni mtu wa kanisa, ana kitambaa cheupe cha akina mama, na maneno yale aliyasikia kwa sikio moja tu. Sasa yalimjia yote.

Tumemzika Omolo leo, mzee alisema. Kama angali hai na akarudi, asipite kwenye mlango wa mke wake kabla hajachinjiwa kondoo. Akipita mlangoni, kifo tulichokizika hapa kitaingia naye na kumchukua aliye ndani. Atobolewe njia pengine. Ukutani. Popote pasipo mlango.

Utakufa, amemwambia Adhiambo.

Truphena alipangusa mikono kwenye leso, taratibu sana.

"Kilonzo," aliita.

"Naam."

"Usiende kwa kasisi. Simama hapo hapo na kitanda chako."

Kisha akageukia uwanja, akaweka tabasamu, lile tabasamu ambalo wanawake humwekea mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Omolo! Nimeona, mlango unakukera. Huko kwenu Zohali pengine hawana milango. Basi zunguka nyuma. Lile dirisha la chumbani fremu iling'oka, kaunsili wanaahidi kulitengeneza tangu Adhiambo yuko darasa la nne. Nimeziba kwa kadibodi tu. Isukume, upite hapo."

"Mama!" Adhiambo alimaka. "Umpitishe baba dirishani? Kama mwizi?"

"Nyamaza utazame."

Msomaji, hebu fikiria. Mtu ana goti bovu. Kizingiti cha urefu wa kidole kimemshinda. Sasa anaambiwa apande dirisha.

Kapteni Omolo alicheka. Uso wote ulifunguka, akawa kijana. "Dirishani! Ee, hapo umesema! Hapo umesema, mama!" Akachomoka mbio, maji yakirukaruka, goti limepona, akazunguka kona ya nyumba.

Truphena alipita katikati ya watu sebuleni, akaenda chumbani. Nyuma yake walifuata Adhiambo, Nerima na nusu ya kamati. Kilonzo, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kuondoka na hakukatazwa kutazama, alizunguka kwa nje.

Kadibodi ilianguka ndani. Kikaingia kiatu. Kikafuata kiguu chembamba, kisha kiuno, na mzee akawa amekaa juu ya dirisha kama amepanda punda, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, anatabasamu, anahema. Suti ilikuwa inachuruzika. Rangi ya fedha ilitiririka ukutani, mistari mistari, na pajani, pale ilipokwisha kutoka, kikaonekana kitambaa kikuukuu cha buluu chenye kiraka.

"Nipe mkono, Nyar Seme."

Truphena hakutoa mkono.

"Omolo. Umetua jana?"

"Jana."

"Hukuongea na mtu."

"Hata mmoja, haki ya Mungu."

"Na hapa kwangu, kuna mtu amekuambia lolote? Nerima, umemwambia?"

"Mimi?" Nerima aliapa kwa kulamba kidole. "Leo nimenyamaza mpaka taya linaniuma."

"Sasa nieleze, Omolo," Truphena alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mtu mzima anaogopa mlango wa mkewe, anafurahia dirisha. Nani alikuambia kwamba tulikuzika?"

Tabasamu lilibaki usoni pa Kapteni, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka nyuma yake.

"Aa... redio," alisema. "Redio ya chombo. Nikiwa kule kule juu. Walitangaza."

"Haikutangazwa."

"Basi gazeti..."

"Huko juu wanauza gazeti? Hakuitwa mtu wa gazeti. Na maneno ya mlango hayakuandikwa popote, yalisemwa mara moja tu, kaburini. Tuliokuwepo ni sisi wa ukoo, Omolo, na..."

Mvua iligonga bati. Adhiambo alitazama kiganja chake, kisha akatazama ukuta uliochirizika fedha. Kule nje Kilonzo, aliyekuwa ameshika mguu wa pili ili mzee asianguke, aliuachia taratibu.

Truphena alikuwa anaona mikonge. Anaona jua kali, na mtu analia kuliko wenye msiba.

"Lile koti kubwa la mvua," alisema. "Na jua lote lile. Tukakupa na chakula cha matanga yako mwenyewe."

Kapteni Omolo, aliyekuwa na jibu kwa mfalme wa Zohali na jibu kwa vijana wote wa Jericho, alifungua mdomo, akatazama ndani, akatazama nje, mguu mmoja bado kila upande.